Lincoln Phillips: Kipa wa Trinidad aliyegeuka mlezi wa wanasoka ugenini

Desemba 1971, vijana wa Chuo Kikuu cha Howard cha jijini Washington walitwaa ubingwa wa soka wa vyuo vikuu vya Marekani. Muda si mrefu wakanyang'anywa. Mwaka 1974 wakarudi, wakacheza msimu mzima wa mechi 19 bila kupoteza wala kutoka sare hata mara moja, na safari hii kombe lilibaki kwao.

Katikati ya matukio hayo mawili kuna miaka mitatu ambayo haionekani kwenye picha za kombe. Ni miaka ya barua, vikao, mahakama na kusubiri. Aliyekaa na vijana hao muda wote huo ni Lincoln Phillips, golikipa mhamiaji kutoka kisiwa cha Trinidad, ambaye wakati huo yeye mwenyewe alikuwa bado anajijenga katika nchi ya watu.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anatoka nyumbani kila jioni na viatu vya mpira begani, habari ya Phillips inafaa kusomwa taratibu. Inaonyesha kazi anayoifanya kocha pale filimbi inapokuwa kimya, na kwa nini mzazi anapaswa kumfahamu vizuri mtu anayemkabidhi mwanawe.

Aondoka kisiwani

Trinidad na Tobago ni nchi ya visiwa viwili katika bahari ya Karibi, karibu na pwani ya Venezuela. Ilipata uhuru wake kutoka kwa Uingereza Agosti 31, 1962, na hata leo watu wake ni takriban milioni moja na nusu tu. Kriketi ndiyo iliyoitangaza zaidi, lakini soka nayo ina mashabiki wengi.

Phillips alikuwa kipa wa timu ya taifa katika miaka hiyo ya kwanza ya uhuru. Alikuwamo katika kikosi kilichorudi na medali ya shaba kutoka Michezo ya Nchi za Amerika iliyofanyika Winnipeg, Canada, mwaka 1967. Mwaka uliofuata alivuka maji kwenda Marekani kucheza soka ya kulipwa katika timu ya Baltimore Bays.

Hakuufika mji uliotulia. Aprili 4, 1968, Martin Luther King aliuawa, na siku zilizofuata ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani, Baltimore na Washington zikiwamo. Mwanamume Mweusi aliyekuja na glavu zake kutafuta riziki aliikuta nchi inaungua kwa sababu ya rangi.

Riziki yenyewe nayo haikuwa ya uhakika. Ligi aliyoingia, NASL, ilikuwa na timu 17 mwaka huo wa 1968. Mwaka mmoja baadaye zilibaki tano tu. Wachezaji wengi waliotoka mbali walijikuta hawana timu, mshahara wala mpango mwingine wa maisha.

Phillips alihamia Washington Darts. Huko alikaa langoni na wakati huohuo akawa kocha, jambo lililomfanya atajwe kuwa mtu Mweusi wa kwanza kuifundisha timu ya soka ya kulipwa nchini Marekani. Mwaka 1970 Darts walifika fainali ya NASL na kufungwa na Rochester Lancers.

Mwaka huohuo alianza kazi iliyobadilisha maisha yake na ya wengine wengi: kuinoa timu ya Chuo Kikuu cha Howard.

Chuo chenye undugu na Karibi

Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakati ambapo milango ya vyuo vingi ilikuwa imefungwa kwa Weusi. Kwa watu wa Trinidad, jina hilo halikuwa geni. Eric Williams, waziri mkuu wa kwanza wa nchi yao, aliwahi kufundisha hapo kabla ya kuingia kwenye siasa. Stokely Carmichael, mwanaharakati aliyezaliwa Port of Spain na baadaye kujiita Kwame Ture, alihitimu hapo mwaka 1964.

Kwa hiyo vijana wa visiwani waliotaka elimu ya juu walikuwa wakielekea Howard muda mrefu. Walifuatwa na wengine kutoka Afrika Magharibi. Walikuja kusomea fani mbalimbali, na wengi wao walikuwa wamekua wakicheza mpira mitaani, shuleni na katika klabu za ridhaa za kwao.

Kikosi cha Phillips kilijaa vijana wa namna hiyo. Walikuwapo wa Trinidad, Jamaika, Nigeria na Guinea, miongoni mwa nchi nyingine. Kila mmoja alikuja na mpira wake na chakula alichokizoea, na Kiingereza chao hakikufanana. Wengi wao mama zao walikuwa ng'ambo ya bahari, na katika miaka hiyo simu ya kimataifa ilikuwa ghali, barua nayo ikichukua majuma kufika.

Hapo ndipo kocha anapopewa kazi ambayo haimo kwenye mkataba. Kijana akiumwa, kocha ndiye anayejua. Asipokwenda darasani, au ada ikichelewa, au habari ya msiba ikifika kutoka nyumbani, kocha anakuwa wa kwanza au wa pili kuambiwa. Phillips aliijua hali hiyo kwa sababu alikuwa ndani yake. Alikuwa mhamiaji kama wao, na elimu yake ya chuo aliipata hapohapo Howard.

Kombe lachukuliwa

Katika msimu wake wa pili tu, timu ilifika fainali. Mechi ilichezwa Miami, katika uwanja wa Orange Bowl, dhidi ya Chuo Kikuu cha Saint Louis kilichokuwa bingwa mwaka 1969 na 1970. Howard walishinda mabao 3-2. Chuo kilichojengwa kwa ajili ya watoto wa watumwa walioachwa huru kilikuwa kimetwaa ubingwa wa taifa, na hakikuwahi kutokea chuo cha aina yake kilichoshinda taji la ngazi hiyo katika mashindano ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani.

Kisha uchunguzi ukaanza.

NCAA ilikuwa na kanuni iliyowahusu wanafunzi wa kigeni peke yao. Mwanafunzi aliyecheza katika klabu ya nje baada ya kutimiza umri fulani, hata kama ni ya ridhaa, alihesabiwa kuwa ameshatumia sehemu ya miaka yake ya kucheza chuoni. Mmarekani aliyecheza katika klabu ya nyumbani kwao hakuhesabiwa hivyo. Kanuni nyingine ilitaka mwanafunzi afanye mtihani wa kuingia chuo utakaotumika kukadiria alama atakazopata, na baadhi ya wachezaji wa Howard walidaiwa kutotimiza sharti hilo.

Adhabu ilikuwa nzito. Ubingwa wa 1971 ulifutwa, na kwa msimu wa 1973 timu ikafungiwa kushiriki hatua za mtoano.

Howard hakikukaa kimya. Kilikwenda mahakamani, na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani ya Washington, iliyotoa hukumu yake mwaka 1975. Mahakama ilikubali kwamba kanuni ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa ya kibaguzi na inakwenda kinyume na katiba, kwa kuwa iliwabana wageni kwa jambo ambalo wenyeji waliruhusiwa. Hata hivyo, iliziacha kanuni nyingine zisimame. Kombe la 1971 halikurudishwa, na katika orodha rasmi ya mabingwa nafasi ya mwaka huo iko wazi mpaka leo.

Mzazi aliyewahi kumwona mwanawe akirudi nyumbani analia kwa sababu jina lake limekatwa kwenye orodha ya timu anaweza kupata picha kidogo. Hawa walikuwa vijana wa miaka ya ishirini, ugenini, wameambiwa mbele ya nchi nzima kwamba ushindi wao haukuwa halali.

Mwaka wa kusubiri

Kufungiwa ni kipimo kigumu cha kocha kuliko fainali. Vijana wanaendelea kuamka asubuhi na kufanya mazoezi huku wakijua kwamba hata wakishinda mechi zote hawatafika popote. Wengine wangetegemewa kukata tamaa, wengine kupandisha hasira hadi kupigana, na wengine kuacha masomo.

Timu haikuvunjika. Baadhi ya waliokuwamo mwaka 1971 walimaliza masomo na kuondoka, waliobaki wakaungana na wapya, na Phillips akaendelea kuwafundisha wakati chuo kikipigana mahakamani. Hakukimbilia timu nyingine isiyo na doa. Aliubeba uchungu pamoja nao na kuugeuza kuwa kazi ya kila siku ya uwanjani.

Jambo hili wanalielewa vizuri wanaofanya kazi na vijana. Kijana aliyeonewa huwa anawatazama watu wazima walio karibu naye ili ajue aichukulieje hali hiyo. Akimwona kocha anatukana waamuzi, anajifunza kutukana. Akimwona anasema ukweli wazi, anapeleka malalamiko panapostahili na kesho yake anafika mazoezini kwa wakati, hilo nalo analichukua. Tabia hii hufundishwa kwa macho zaidi kuliko kwa maneno.

Wahenga walisema kweli ikidhihiri, uongo hujitenga. Kwa Howard, ilibidi kweli hiyo isubiriwe kwa jasho.

Warudi mbele ya umati wa St. Louis

Mwaka 1974 kifungo kilikuwa kimekwisha. Howard walishinda kila mechi waliyocheza. Msimu mzima walifunga mabao 63 na kuruhusu sita tu, hesabu inayomfurahisha kocha yeyote aliyewahi kusimama langoni.

Fainali iliwakutanisha tena na Saint Louis, waliokuwa wametwaa ubingwa mwaka 1972 na 1973. Safari hii mechi ilichezwa katika mji wa wapinzani wao. Dakika 90 ziliisha kwa sare ya 1-1. Ikaongezwa muda mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika nyongeza ya nne, Kenneth Ilodigwe, kijana kutoka Nigeria, alifunga bao la ushindi. Matokeo yakawa 2-1.

Hakuna aliyelipinga kombe hilo. Rekodi inasomeka kuwa Howard ndicho chuo cha kwanza miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Weusi kushika ubingwa wa daraja la juu la NCAA. Mwaka 2016 habari yao ilirudi midomoni mwa watu kupitia filamu fupi iliyoletwa na mtengenezaji filamu Spike Lee katika televisheni ya michezo ya ESPN. Phillips mwenyewe alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake miaka miwili kabla.

Alivyoendelea kulea

Phillips aliifundisha Howard hadi mwaka 1980, akiwa na ushindi wa zaidi ya mechi 100. Baada ya hapo alifundisha timu ya Virginia Commonwealth, akaendesha mafunzo ya soka kwa watoto na vijana katika jimbo la Maryland, hasa kwa makipa, na baadaye akarudi kulitumikia taifa lake akiwa mkurugenzi wa ufundi wa shirikisho la soka la Trinidad na Tobago.

Njia aliyosaidia kuifungua iliendelea kupitika. Miaka kadhaa baada yake, Shaka Hislop, kipa mwingine mwenye asili ya Trinidad, alisoma Howard na kuhitimu uhandisi wa mitambo huku akidaka. Alikuwamo katika timu ya chuo iliyofika fainali ya NCAA mwaka 1988. Hislop alikwenda kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na mwaka 2006 alikuwa langoni Trinidad na Tobago ilipocheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia na kuizuia Sweden kwa sare ya bila kufungana. Alipostaafu kucheza hakukosa la kufanya, kwani alikuwa na shahada mkononi na baadaye akawa mchambuzi wa soka.

Ligi iliyompeleka Phillips Marekani ilibaki na timu tano katika mwaka mmoja. Kilichobaki mkononi mwake ni elimu na uwezo wa kuwafundisha wengine.

Mzazi amtazame kocha kwa jicho gani?

Katika mitaa yetu, akademia za soka zinaongezeka na wazazi wengi hulipa ada, hununua jezi na kuishia hapo. Kuna mambo machache ambayo mzazi anaweza kuyaangalia bila kuwa mtaalamu wa mpira.

Kwanza, kocha anaulizia masomo? Kocha anayejua mtihani wa mtoto ni lini, na anayekubali akose mazoezi kwa ajili ya shule, anamtazama kama mtu atakayeishi miaka mingi baada ya soka. Anayesema "shule itamsubiri" atazamwe kwa tahadhari.

Pili, nyaraka. Howard waliponzwa na kanuni ambazo baadhi yao hazikuwa za haki, lakini somo la kujua kanuni mapema linabaki. Umri wa mtoto uandikwe wa kweli tangu siku ya kwanza. Kudanganya umri humfuata mchezaji hadi ukubwani na linaweza kumaliza safari yake siku anapokaribia kufanikiwa.

Tatu, wakala anayeahidi Ulaya. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa mazingira machache maalumu yanayopaswa kuidhinishwa. Anayemtaka mtoto wa miaka 15 asafiri kwenda majaribio nje, kwa fedha za mzazi na bila klabu wala shirikisho kuthibitisha, asipewe pasipoti wala pesa. Ufadhili wa masomo una barua ya chuo, na barua hiyo inaweza kuhakikiwa na chuo chenyewe.

Nne, mwili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuutumikisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Hiyo haina maana ya mazoezi makali siku saba kwa wiki. Madaktari wa watoto hushauri angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, na wanaonya dhidi ya kumfungia mtoto mdogo katika mchezo mmoja tu mwaka mzima. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Na akigongwa kichwa, hasa kipa, kisha akaona kizunguzungu, akatapika au akachanganyikiwa, atoke uwanjani, asirudishwe siku hiyo na apelekwe kwa daktari.

Tano, akili na hisia. Mtoto aliyeachwa kwenye kikosi au aliyeonewa ana haki ya kusikitika. Asiambiwe "mwanaume halii". Aachwe aseme. Lakini zikipita wiki mbili hali, halali vizuri, anajitenga na wenzake au hataki hata kuusikia mchezo alioupenda, mzazi azungumze na mtaalamu wa afya. Akitamka kwamba hataki kuishi, asisubiriwe wiki mbili. Apelekwe siku hiyohiyo.

Sita, usalama wake. Mazoezi yafanyike mahali ambapo mzazi yeyote anaweza kufika bila taarifa. Kocha asimwite mtoto peke yake chumbani, asimpe zawadi za siri wala kumtumia ujumbe wa usiku ambao mzazi haujui. Kocha mwema hachukii kuulizwa maswali haya, maana naye anajua thamani ya alichokabidhiwa.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mzazi afike uwanjani mara moja moja, akae pembeni kwa nusu saa na kusikiliza jinsi kocha anavyozungumza na mtoto aliyekosea. Mabao yatahesabiwa na wengine. Mtoto wa kwenye benchi, aliyepoteza mpira au aliyetoka kuumia, ndiye atakayemwonyesha mzazi kocha huyo ni mtu wa namna gani.